UZI: "Mtandao unasumbua." Unasumbua WAPI? Safari ya intaneti kutoka Lindi na Mtwara hadi duniani

#1 FundiShangani

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilikuwa Lindi mjini, dukani kwa dada mmoja anayechapa na kutoa kopi. Saa nne asubuhi foleni ilikuwa imetoka nje. Wazee wa AMCOS, vyama vya msingi vya wakulima, na karatasi zao za korosho, vijana wanaotuma maombi, mama mmoja na cheti cha mtoto. Intaneti hakuna. Kile kiboksi cheupe cha ukutani kinawaka taa nyekundu. Dada alishapiga simu huduma kwa wateja mara nne, na mara zote nne jibu lilikuwa moja: zima, subiri dakika moja, washa. Alikuwa anazima na kuwasha tangu saa mbili.

Mimi nilikwenda kutoa kopi ya kitambulisho tu, ila begi la kazi lilikuwa begani. Nikaomba ruhusa, nikachomoa ule waya mwembamba wa njano, nikauchomeka kwenye kipima mwanga. Kikasoma hasi 31.4 dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mwanga. Kwa mitambo ya aina ile, mwanga ukishuka chini ya hasi 27 au 28 kiboksi hakisikii tena. Nikaufuata waya kwa vidole. Nyuma ya kabati la mafaili ulikuwa umebanwa na ukuta, umekunjwa kama pembe ya leso. Tukalisogeza kabati upana wa kiganja, nikaunyoosha, nikapima tena: hasi 21.8. Taa ikawa ya kijani na printa ikaanza kulia.

Dada akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo intaneti yangu yote inapita kwenye huu uzi? Halafu ikitoka hapa inakwenda wapi?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu watu walikuwa wanasubiri. Lakini swali lake limenikaa kichwani, nami nataka kulijibu hapa kwa kirefu. Kazi yangu ni mitandao, mwaka wa kumi na moja sasa, muda mwingi Mtwara, Lindi na Masasi. Inaniuma kuona watu wetu wanalipia huduma kila mwezi halafu wanapewa neno moja, "mtandao unasumbua", linalofunika mambo kumi tofauti. Ukijua intaneti inapita wapi, utauliza swali ambalo mtu wa huduma kwa wateja hawezi kulijibu kwa "zima na washa".

Nitaandika kwa vipande. Ulizeni njiani.

#2 MzeeNewala

Kijana wangu, umefanya jambo jema. Sisi huku hatuna huo waya, tunatumia simu na mnara. Sasa minada ya korosho inafanyika kwa mtandao kupitia TMX, soko la bidhaa la Tanzania, na mkulima anataka kuona bei palepale. Siku ya mnada ukifungua ukurasa unazunguka tu. Je, hayo unayosema ya waya yanatuhusu?

#3 FundiShangani

Shikamoo mzee wangu. Yanawahusu sana. Mnara ni mlango tu. Simu yako inaongea na mnara kwa mawimbi, lakini mnara nao lazima upeleke mzigo mbele, ama kwa faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo, iliyofika chini yake, ama kwa lile dishi la duara linaloangaliana na dishi la mnara mwingine. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha vinundu vyote vya mawimbi na intaneti isitembee. Vinundu vinakueleza hali ya kipande kati yako na mnara. Havijui lolote kuhusu huko mbele.

Kwa hiyo kipande cha kwanza ni hiki cha kumfikia mteja.

Kwa wenye faiba nyumbani au dukani, mfumo uliozoeleka unaitwa GPON. Kutoka kwenye mtambo wa mtoa huduma unatoka uzi mmoja wa kioo. Njiani, mara nyingi kwenye boksi la nguzoni, kuna kigawanyio kisichotumia umeme kabisa. Kinagawa mwanga kwa wateja 32 au 64. Mwanga wa kushuka ni mmoja, unawafikia wote, na kila kiboksi kinachukua kilichoandikiwa jina lake tu, kwa kuwa data imefungwa kwa siri. Kupanda ni tofauti: mkisema wote kwa pamoja mtagongana. Mtambo unampa kila mmoja zamu yake, vipande vidogo mno vya sekunde, nanyi mnapokezana bila kujua.

Mtaa mzima unashirikiana takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde za kushuka na 1.25 za kupanda. Kwa watu 32 zinatosha vizuri. Nikisikia mtu analalamika kwamba spidi inakufa kila ikifika saa mbili usiku, kwa kawaida sianzi kulaumu uzi wa mtaani. Naangalia kipande kinachofuata, ule mzigo wa mji mzima unaoelekea Dar. Hapo mtoa huduma anaamua anunue uwezo kiasi gani kwa ajili ya watu wangapi, na hapo ndipo siku ya mnada, mzee wangu, Newala nzima inapofungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja.

Uzi wenyewe mkiuona mtashangaa. Sehemu ya katikati ambamo mwanga unapita ina upana wa maikroni 9, na kioo kizima, bila ganda lake la plastiki, ni maikroni 125. Vumbi moja kwenye ncha ya kiungio linatosha kuziba. Tunaosafisha viungio tunatumia kitambaa maalumu na pombe kavu. Tafadhali msifute kwa shati.

#4 kusini_kwetu

Mkuu mimi langu ni hili. Nimelipia kifurushi, meseji imekuja, taa zote kijani, intaneti hakuna. Siku nzima. Hapo shida iko wapi?

#5 FundiShangani

Hapo mara nyingi uzi ni mzima na tatizo liko kwenye daftari. Rauta yako, kile kiboksi cha intaneti, ikiwaka hujitambulisha kwa jina na nywila. Mtambo wa mtoa huduma unaiuliza seva ya RADIUS: huyu tunamjua? kalipa? apewe spidi gani? Mfumo wa malipo usipoipa taarifa seva hiyo, wewe kwao bado ni mdaiwa. Waambie hivi: "Mwanga ninao, naomba mwangalie akaunti yangu kwenye RADIUS." Utaona simu inahamishiwa kwa mtu mwingine.

#6 FundiShangani

Kipande cha pili, na hiki ndicho kinachonigusa zaidi kama mtu wa kusini.

Kutoka Mtwara mjini hadi Dar ni kama kilomita 560 kwa barabara. Kutoka Lindi ni kama 450. Mtwara na Lindi zenyewe zimeachana kama kilomita 100 tu. Kwa watoa huduma wote niliofanya nao kazi, mlango wa kutokea uko Dar. Maana yake ofisi iliyoko Mtwara ikituma faili kwenye seva ya tawi lake la Lindi kupitia mtoa huduma mwingine, faili hilo linapita Lindi, Kilwa, Rufiji hadi Dar, linageuka, linarudi kwa barabara ileile. Kilomita elfu moja na ushee kwa safari ya kilomita 100.

Kwa muda si hasara kubwa. Mwanga ndani ya kioo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 1,000 ni milisekunde 5, na kwenda na kurudi ni 10. Binadamu hasikii. Kinachoniuma ni kingine: kebo ikikatika huko Kibiti, Mtwara na Lindi hazisemezani, ingawa mtu anaweza kupanda basi Mtwara asubuhi akala chakula cha mchana Lindi.

Na kebo zinakatika. Faiba zetu nyingi zimelazwa kandokando ya barabara. Greda likichimba mtaro, linakata. Maji yakibeba kalavati, yanabeba na kebo iliyopita hapo. Mnakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilivyokatika upande wa Somanga na magari yakalala njiani siku kadhaa. Kila nikipita pale nawaza kuhusu kilicho chini ya lami.

Dawa yake inajulikana duniani kote, inaitwa pete. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa 2009 na unaosimamiwa na TTCL, umepangwa kwa pete: ukikatwa upande mmoja, mzigo unazunguka upande wa pili. Kwa kusini, ramani yenyewe inaonyesha upande wa pili ungekuwa wapi: Masasi, Tunduru, Songea, uibukie Makambako. Ukiwa mnunuzi mkubwa, sema hospitali, chuo, kiwanda cha kubangua korosho, usisaini mkataba kabla hujauliza: "Njia yenu ya pili inapita wapi?" Wakisema wana nyuzi mbili, uliza kama ziko kwenye mtaro mmoja. Nyuzi mbili kwenye mtaro mmoja ni njia moja.

Ndani ya kebo hiyo ndefu kuna ufundi ninaoupenda kuliko wote, DWDM. Uzi mmoja unabeba rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, rangi ambazo jicho halizioni, karibu na nanomita 1550. Kila rangi ni barabara yake. Rangi 80, kila moja ikibeba gigabiti 100 kwa sekunde, zinakupa terabiti 8 kwenye uzi mwembamba kama unywele. Kuongeza uwezo hauhitaji kuchimba upya, unaongeza rangi kwa kubadilisha mitambo ya mwisho.

Ila mwanga unafifia. Kila kilomita 80 hivi unahitaji kukuzwa, kwa hiyo kati ya Mtwara na Dar kuna vituo kadhaa, vijumba vyenye mitambo, betri na jenereta. Nimewahi kulala kwenye kimoja, usiku wa mvua, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na jenereta lilikuwa linakohoa. Nilikaa na dumu la dizeli miguuni hadi alfajiri. Mtwara ilikuwa imelala, wengine wanaangalia mpira kwenye simu, na vyote vilikuwa vinapita futi tatu kutoka nilipokaa, kwenye waya wa njano kama ule wa dada wa Lindi.

#7 BintiMikindani

Kaka heshima yako, lakini naomba nisahihishe kidogo kabla watu hawajachanganya. Meseji ya WhatsApp ya Mtwara kwenda Lindi haigeuki Dar. Inakwenda hadi seva za Meta, wenye WhatsApp, nje ya nchi ndipo irudi, hata kama mmekaa mkeka mmoja. Mfano wako ni sahihi kwa seva yako mwenyewe iliyoko Lindi.

Halafu naomba uongelee siku ile WhatsApp ilipozimika dunia nzima. Bibi yangu Mikindani alinituma vocha mara mbili akidhani bando limekwisha.

#8 FundiShangani

Dada, sahihisho nimelipokea, na ndiyo sababu nilisema "seva ya tawi". Asante.

Siku ile ilikuwa Jumatatu, 4 Oktoba 2021, kama saa moja kasoro jioni kwa saa zetu. Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika kwa takriban saa sita. Ili kuelewa kilichotokea, tupite kwanza kwenye kiini cha mtandao. Hiki ni kipande cha tatu, someni taratibu.

Ndani ya mtandao wa mtoa huduma mmoja kuna rauta nyingi kubwa. Zinahitaji kujua njia za ndani. Kazi hiyo inafanywa na itifaki, yaani lugha ya mazungumzo kati ya rauta, kama OSPF au IS-IS. Kila rauta inawatangazia wenzake: mimi nimeungana na fulani na fulani, na gharama ya kila njia ni hii. Mwisho wake rauta zote zinakuwa na ramani moja, kila moja inakokotoa njia fupi zaidi kwa kanuni ya Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyoichapisha 1959. Njia ikikatika, habari inaenea na ramani inachorwa upya ndani ya sekunde, mara nyingi chini ya hapo. Ila ramani haiwezi kuchora njia ambayo haipo chini, ndiyo maana nilisisitiza pete.

Juu ya ramani hiyo kuna MPLS, mfumo wa kusafirisha data kwa lebo. Fikirieni gunia la korosho. Chama cha msingi kinapolifikisha ghala kuu, linabandikwa lebo. Kuanzia hapo hakuna anayelifungua kuuliza limetoka shamba la nani, wanasoma lebo na kulisukuma. Paketi, yaani kifurushi kidogo cha data, vilevile: inapoingia kwenye mtandao inapewa lebo fupi, kila rauta inaibandua na kubandika nyingine inayosema hatua inayofuata, na ya mwisho inaitoa. Kwa njia hiyo benki yenye matawi Mtwara, Nachingwea na Ruangwa inapata njia yake ya faragha juu ya kebo zilezile mnazotumia ninyi, na mtoa huduma anaweza kuuelekeza mzigo wa hospitali kwenye njia moja na wa video kwenye nyingine.

Sasa, kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Hapa ramani moja haiwezekani, maana kila mtoa huduma ni mwenye nyumba yake. Kila mmoja ana namba, TTCL kwa mfano ni AS33765, na wanaongea kwa BGP, itifaki ya kutangaziana njia. Ilibuniwa Januari 1989 na Yakov Rekhter na Kirk Lougheed, wakati wa chakula kwenye mkutano kule Austin, Texas, michoro ya kwanza ikiwa kwenye karatasi za kufutia mikono. Dunia nzima bado inaitegemea.

BGP ni kama watu wa stendi wanaopashana habari. Mmoja anasema: anwani hizi, yaani namba zinazotambulisha kompyuta kwenye intaneti, ni zangu. Jirani yake anawaambia wengine: za fulani mnaweza kuzifikia kupitia kwangu. Habari inasambaa hadi kila mtu anajua amkabidhi nani mzigo. Hakuna ofisi kuu.

Siku ile, amri moja ya matengenezo ilikata mtandao wa ndani unaounganisha vituo vya data vya Facebook. Seva zao za DNS, zile zinazotafsiri jina kuwa anwani ya namba, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo hivyo, zikaacha kujitangaza kwenye BGP. Kwa dunia ikawa kama majina hayo hayapo. Kompyuta zilikuwa zinawaka, hakuna aliyejua njia ya kwenda kwake. Mpe pole bibi. Hakuwa peke yake, na vocha haikuwa na kosa.

#9 MwanachuoNachi

Shikamoo kaka. Kama hakuna ofisi kuu, mtu akitangaza anwani ambazo si zake inakuwaje?

#10 FundiShangani

Marahaba mdogo wangu. Ilishatokea, na mfano wake unafundisha. 24 Februari 2008 serikali ya Pakistani iliamuru YouTube ifungwe nchini humo. Pakistan Telecom ikatangaza kwenye BGP kwamba sehemu ya anwani za YouTube iko kwake, ikikusudia kuuzika mzigo huo ndani ya nchi. Tangazo likavuja nje kupitia mtoa huduma wa juu yake, na sehemu kubwa ya dunia ikaikosa YouTube kwa kama saa mbili.

Kwa nini dunia iliamini? YouTube walikuwa wanatangaza kundi la anwani 1,024, Pakistan Telecom wakatangaza 256 zilizomo ndani ya kundi hilo. Kanuni ni kwamba anayetaja kwa undani zaidi ndiye anayefuatwa. Ukiwa unakwenda kijiji cha Nyangao, mmoja akasema najua njia ya Wilaya ya Lindi, mwingine akasema najua njia ya Nyangao yenyewe, utamfuata wa pili.

Kinga inaitwa RPKI, nayo ni hati ya kiwanja. Mwenye anwani anasajili kwa sahihi ya kidijitali kwamba anwani hizi zinatangazwa na namba hii tu, kwetu Afrika usajili uko AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti barani. Rauta ikisikia tangazo lisilolingana na hati, inalitupa. Ukija kufanya kazi kwa mtoa huduma, jambo la kwanza uliza kama hati zao zipo na kama wanakagua za wengine.

#11 kusini_kwetu

Nimeweka kamera shambani kwetu Mtama na rauta ya laini ya simu. Nikiwa kwenye WiFi ileile naiona, nikitoka nje siioni. Fundi kanilipisha mara mbili.

#12 FundiShangani

Pole sana, na fundi wako pengine alijaribu kwa nia njema. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, angalia anwani ya WAN, ile ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani anwani moja ya nje mnayoshirikiana wengi. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani, ni bilioni 4.29 tu kwa dunia nzima na zilishakwisha kugawiwa, kwa hiyo mtoa huduma anawaweka watu wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa 2012 kwa kazi hiyo. Baadhi ya laini za simu zinakupa inayoanza na 10, maana ni ileile.

Ukitoka nje unapita, lakini anayebisha hodi kutoka nje hajulikani anamtafuta nani kati ya wapangaji wote. Hakuna mpangilio wa kwenye rauta yako utakaoondoa hilo, usilipe mara ya tatu. Una njia tatu: nunua anwani maalumu kwa mtoa huduma, au tumia kamera inayotoka yenyewe kwenda kwenye seva ya mtengenezaji wake, au mtoa huduma awashe IPv6, mfumo mpya wa anwani, ambako anwani ni nyingi kiasi kwamba kila kamera ya kila shamba la Mtama inapata yake.

#13 MzeeNewala

Kijana, na ile Mei 2024? Baada ya kimbunga, wiki moja tu, intaneti ikawa shida nchi nzima. Lakini mjukuu wangu alikuwa anaona video za YouTube.

#14 FundiShangani

Mzee wangu, umeona vizuri kuliko mafundi wengi.

Jumapili ya 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini. SEACOM ilifika Dar mwaka 2009 na EASSy 2010, kabla yake tulikuwa tunategemea satelaiti zaidi. Kukatika kwa upande mmoja kusingeumiza hivyo, ila Februari mwaka huohuo kebo kadhaa zilikuwa zimeshaharibika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Kaskazini pameumia, kusini pameumia. Ni hadithi ileile ya pete, ila safari hii pete ni bara zima.

Na video za mjukuu: kampuni kama Google huweka seva zao ndani ya majengo ya watoa huduma, zikihifadhi nakala za video zinazoangaliwa sana. Video iliyopendwa haikutoka ng'ambo, ilitoka Dar.

Ndiyo sababu kituo cha kubadilishana trafiki ni muhimu. Dar tunacho, Tanzania Internet eXchange, na Arusha nako kipo. Ni chumba chenye swichi kubwa ambapo watoa huduma wanakutanisha nyaya zao, data ya Mtanzania kwenda kwa Mtanzania isipite ng'ambo. Ndoto yangu, na naisema wazi, ni siku watoa huduma watakapokutana hivyo Mtwara. Swichi, kabati la mitambo, umeme wa uhakika na nakala za zile seva. Barabara ikikatika Somanga, chuo cha Mtwara na hospitali ya Lindi viendelee kusemezana.

#15 MwanachuoNachi

Kaka nimejaribu amri ya tracert, inayoonyesha kila kituo data inapopita na milisekunde zake (ms), kwenda tovuti ya duka moja la Mtwara. Nisomee:

1 – 192.168.1.1 – 2 ms
2 – 100.71.x.x – 11 ms
3 – 10.x.x.x – 12 ms
4 – 10.x.x.x – 19 ms
5 – * * *
6 – 166 ms
7 – 168 ms
8 – 169 ms, mwisho

#16 FundiShangani

Safi sana. Mstari wa 1 ni rauta yako. Wa 2 ni mtambo wa mtoa huduma, na hiyo 100.71 inasema uko nyuma ya CGNAT. Wa 3 na wa 4 ni ndani ya mtandao wake, na 19 inaelekea ndiyo Dar. Nyota za mstari wa 5 zisikutishe, ni rauta iliyokataa kujibu huku ikipitisha mzigo kama kawaida. Kisha 19 hadi 166: hapo umevuka bahari. Na kwa kuwa haikushuka hadi mwisho, mawili. Ama duka la Mtwara limepangisha tovuti yake Ulaya, ama mitandao miwili haikukutana Dar na mzigo ukazunguka ng'ambo kurudi. Itafute anwani ya mwisho kwenye orodha ya WHOIS uone imesajiliwa na nani. Nadhani utakuta ni ya kwanza. Wengi wanapangisha nje kwa sababu ya bei.

#17 DadaKopiLindi

Kaka, yule dada wa kabati la mafaili ni mimi. Mteja kanionyesha huu uzi. Leo asubuhi taa nyekundu imerudi, kabati sijaligusa. Naanzia wapi?

#18 FundiShangani

Dada yangu, pole. Ingia 192.168.1.1, nywila iko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kiboksi. Tafuta ukurasa wa hali ya mwanga, mstari wa "Rx Power", yaani nguvu ya mwanga unaopokelewa. Soma namba. Kisha wapigie useme namba hiyo, na useme waya wa ndani umeshanyooshwa na kupimwa, wakague boksi la nguzoni.

#19 DadaKopiLindi

Ilikuwa inasoma hasi 29.7. Nimewaambia kama ulivyosema, yule binti akanyamaza kidogo, akaniomba nisubiri, akaja mwanaume mwingine kwenye simu. Fundi kafika saa tisa alasiri. Boksi la nguzoni mfuniko ulikuwa wazi, sisimizi wamejaa ndani na kiungio kimeshika uchafu. Kasafisha, kafunga na utepe mweusi. Sasa inasoma hasi 20.6. Nimeiandika kwa kalamu ukutani pembeni ya kiboksi, na tarehe.